Maswali ya Wasomaji: Istanbul kwa Macho ya Mgeni wa Mara ya Kwanza

Makala ya toleo lililopita, yaliyoeleza niliyoyaona nilipofika Istanbul kwa mara ya kwanza na ambamo nilidai kwamba mji huo hauwezi kueleweka na mtu asiyepanda feri, yameleta barua nyingi. Baadhi zinaniunga mkono, nyingine zinanisuta, na kadhaa zinauliza tu nauli na bei za hoteli, jambo ambalo sitaliandika hapa kwa sababu lira ya Uturuki imeporomoka sana miaka hii na bei inayochapishwa leo huenda isimfae msomaji wa mwezi ujao. Nimezijibu zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine.

Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Kayole. Nimewafundisha wanafunzi wengi habari za Constantinople, yaani Istanbul ya zamani, kuta zake na kuanguka kwake mikononi mwa Waturuki wa Osmani mwaka 1453. Wewe unashauri mgeni aanzie majini kabla ya kuingia katika jengo lolote. Je, huko si kuyapuuza majengo yaliyoupa mji huo jina?

Mwalimu, siyapuuzi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba majengo hayo yako pale yalipo kwa sababu ya maji, na anayeyatazama bila kuyatazama maji hukosa sababu yenyewe. Mlango wa bahari wa Bosporus, wenye urefu wa kilomita 30 hivi, unaunganisha Bahari Nyeusi na Bahari ya Marmara, na meli yoyote itokayo bandari za Bahari Nyeusi za Ukraine, Romania au Bulgaria kuelekea Mediterania haina budi kupita hapo. Upande wa magharibi ni Ulaya, upande wa mashariki ni Asia. Karibu na mwisho wa mlango huo, kwenye ubavu wa Ulaya, maji yameingia ndani ya nchi kavu na kufanya hori refu liitwalo Pembe ya Dhahabu. Rasi iliyo kati ya hori hilo na Bahari ya Marmara ndiyo mji wa kale. Ina maji pande tatu, kwa hiyo adui wa nchi kavu alikuwa na upande mmoja tu wa kuuingilia, na huko ndiko zilikojengwa kuta unazowafundisha wanafunzi wako.

Sasa mpeleke mwanafunzi wako, walau kwa mawazo, kwenye sitaha ya feri inayoondoka Eminönü, gati la mji wa kale, kwenda Kadıköy upande wa Asia. Nyuma yake ataona mdomo wa hori, ambao Wabizanti, watawala wa mji kabla ya 1453, waliuziba kwa mnyororo mkubwa wa chuma ili merikebu za adui zisipenye. Kulia kwa mdomo huo, akitazama alikotoka, ataona kilima cha Galata na mnara ambao Wagenoa, wafanyabiashara kutoka Italia, waliujenga mwaka 1348. Sultan Mehmed wa Pili wa Waosmani, aliyeuzingira mji mwaka 1453 akiwa na umri wa miaka 21 tu, aliposhindwa kuukata mnyororo aliamuru merikebu zake zivutwe nchi kavu juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, zipandishwe mlima nyuma ya Galata na kuteremshwa ndani ya hori. Mtu akisoma habari hiyo darasani anaweza kudhani ni ngano ya kumtukuza mshindi. Akiuona mteremko wenyewe, ambao hata mtembezi asiye na mzigo huhema akiupanda, anaanza kujiuliza maswali ya kweli: ni watu wangapi, ng'ombe wangapi, na walinzi wa upande wa pili walijisikiaje walipoamka na kuziona merikebu zikielea mahali ambapo hazikuwa na njia ya kufika? Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1452, sultani huyohuyo alikuwa amekwisha kujenga ngome ya Rumeli Hisarı pale ambapo Bosporus ni mwembamba kuliko kwingine kote, mita 700 tu au karibu na hapo, ili msaada usiweze kuingia kutoka Bahari Nyeusi. Vita vyote vile vilikuwa vya kugombea maji kabla ya kuwa vita vya kubomoa kuta.

Si historia peke yake iliyonifanya niandike vile, hata hivyo. Feri hiyo huchukua dakika 20 hivi, na wengi wa abiria wake ni watu wanaokwenda kazini au kurudi nyumbani, wenye mikoba, watoto wa shule na mifuko ya mboga. Mhudumu hupita kati ya viti akiwa na sinia la vikombe vya chai. Watu hununua simit, mkate wa duara uliopakwa ufuta, wakala nusu na nusu nyingine wakawarushia shakwe wanaoifuata feri, nao huudaka mkate hewani bila kukosea. Wakati huohuo meli ya mafuta ndefu kupita mtaa mzima inapita katikati ya mji, karibu na nyumba za watu, kwa kuwa Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 unazipa meli za biashara haki ya kupita bila kizuizi wakati wa amani. Chini ya meli hiyo kuna jambo ambalo jicho halilioni: maji ya juu hutiririka kutoka Bahari Nyeusi kwenda Marmara, na maji ya chini, yaliyo mazito zaidi kwa chumvi, hutiririka kinyume chake. Haya yote mtu huyapata kwa nauli ya kawaida ya usafiri wa umma. Kwingineko angetozwa fedha za kitalii na kupewa kofia.

Nina duka la nguo za kina mama Eastleigh, na wateja wangu wanapenda sana mitindo ya Kituruki. Nimesikia habari za Soko Kuu lililofunikwa paa, lenye maelfu ya maduka. Je, nikienda kwa mara ya kwanza nipeleke mtaji wangu huko?

Mama, huko nenda na macho tu, mtaji uuache hotelini. Soko hilo, ambalo wenyewe huliita Kapalıçarşı, lilianzishwa miaka michache baada ya 1453 kwa amri ya sultani niliyemtaja hapo juu, na leo lina maduka yapatayo 4,000 katika njia zaidi ya 60 zilizoezekwa. Ni mahali pa kustaajabisha, na mgeni asiyepotea humo hajaliona. Lakini bidhaa zake ni mazulia, dhahabu, taa za vioo vya rangi na vyombo vya mapambo, na bei zake ni za kumuuzia mtu mmoja anayetaka kumbukumbu moja. Siku ya Jumapili hufungwa.

Wafanyabiashara wa jumla huenda Laleli, mtaa ulio karibu sana na soko hilo, unaofikika kwa tramu au hata kwa miguu. Maduka ya Laleli yamepangana ghorofa juu ya ghorofa, mabango yameandikwa Kirusi na Kiarabu pamoja na Kituruki, na wauzaji wengi hawana haja ya mteja anayetaka gauni moja. Nguo huuzwa kwa seri, yaani furushi lenye mtindo mmoja katika vipimo vyote, na ukiomba upunguziwe kipimo kikubwa ambacho hakitoki Eastleigh utaambiwa kwa upole kwamba seri haifunguliwi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, hesabu ni vipande vingapi vya kila furushi utakavyobaki navyo mwisho wa mwaka, kwa maana humo ndimo faida inamopotelea. Mitaa ya Osmanbey na Merter nayo ina jumla ya nguo, na wanaotafuta ngozi huelekezwa Zeytinburnu.

Ofisi za kago zimejaa Laleli, na zinapima mzigo kwa kilo. Kabla ya kuondoka Nairobi waulize wenzako wa Eastleigh wanamtumia nani, na upate kutoka kwa wakala wa forodha hesabu ya ushuru utakaodaiwa hapa nyumbani, kwa sababu nguo iliyoonekana rahisi Laleli inaweza kuwa ghali ikifika dukani kwako. Jambo moja zaidi: muuzaji atakuagizia chai kabla ya kuanza mazungumzo ya bei. Kunywa bila wasiwasi. Chai hiyo haikufungi kununua, na kuikataa ndiko kunakoonekana ni utovu wa adabu.

Assalamu alaykum. Mimi ni mzee wa miaka sabini, mkazi wa South C. Wanangu wamenialika tupitie Istanbul. Je, naweza kuswali Ayasofya? Na nyakati za swala huko zinatofautianaje na zetu, maana nimeambiwa saa zetu ni sawa?

Wa alaykumu salaam, Mzee wangu. Ayasofya ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa la Mfalme Justiniani, ikafanywa msikiti mwaka 1453, ikageuzwa makumbusho kwa uamuzi wa serikali mwaka 1934, na mwaka 2020 ikarudishwa kuwa msikiti. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2024 watalii wa kigeni huingia kwa mlango wao, hulipa kiingilio na hupelekwa roshani ya juu, na sakafu ya chini imeachiwa wanaoswali. Waeleze walinzi mapema kwamba umekuja kuswali ili usijikute katika foleni ya tiketi. Ukiwa ndani inua macho uitazame kuba yenye kipenyo cha mita 31 hivi, ukijua kwamba ile ya kwanza iliporomoka mwaka 558 na hii ikainuliwa upya katika miaka minne iliyofuata.

Lakini ukiniuliza mimi ningeswali wapi, ningekuambia Süleymaniye. Msikiti huo ulijengwa na msanifu Sinan kwa ajili ya Sultan Süleyman na kukamilika mwaka 1557, juu ya kilima kinachoikabili Pembe ya Dhahabu. Watalii ni wachache zaidi, mabomba ya udhu yamepangwa safu ndefu ubavuni mwa jengo, na ua wa nyuma una ukuta mfupi ambao mtu anaweza kuuegemea akatazama hori, madaraja na feri zote kwa mara moja. Kilima kina mwinuko, kwa hiyo wanao wakupeleke kwa teksi mpaka langoni na mteremke kwa miguu.

Kuhusu saa, umeambiwa kweli. Tangu mwaka 2016 Uturuki imeacha kubadili saa zake kwa majira na inatumia saa moja na Nairobi mwaka mzima. Jua ndilo linalokwenda njia zake. Sisi tumezoea lichomoze saa 12 na ushei asubuhi Januari hadi Desemba, lakini Istanbul katika Desemba huchomoza baada ya saa 2 asubuhi, na watoto huenda shule gizani. Katika Juni huzama baada ya saa 2 na nusu usiku, swala ya Isha ikakaribia saa 4 na nusu, na Alfajiri ikaadhiniwa karibu saa 9 na nusu usiku, hivi kwamba mtu wa umri wako atapata usingizi mfupi sana asipolala mchana.

Mimi ni kijana wa Rongai, nashinda ndani ya matatu. Je, Istanbul wana matatu? Na wao hawana jam?

Jam wanayo, ndugu yangu, tena ya kutosha. Mji una watu zaidi ya milioni 15, na magari yote yanayotaka kuvuka kutoka Asia kwenda Ulaya yana madaraja matatu tu, la mwaka 1973, la 1988 na la 2016, pamoja na handaki moja la magari chini ya bahari. Ukiwa ndani ya teksi kwenye daraja la kwanza saa za jioni, utaikumbuka Lang'ata Road bila uchungu.

Matatu nazo zipo, kwa namna yake. Huitwa dolmuş, ni za manjano, na kwenye vituo vyake vya mwanzo huondoka zikijaa. Hazina muziki wala michoro ya wanamuziki, na hazina makanga. Abiria wa kiti cha nyuma humpa noti aliye mbele yake na kutaja anakokwenda, huyo humpitishia mwingine, noti ikafika kwa dereva ambaye anaendesha kwa mkono mmoja na kuhesabu chenji kwa mwingine, na chenji ikarudi kwa njia ileile mpaka kwa mwenyewe. Nilikaa katikati na nikajikuta nimekuwa makanga wa muda, nikipokea fedha za watu nisiowajua katika lugha nisiyoijua, na hakuna aliyeonekana kunitilia shaka.

Kinachonifanya niwaonee wivu ni mambo mawili. La kwanza ni mabasi ya njia maalumu, ambayo sisi tumeyasubiri Thika Road kwa miaka mingi mpaka rangi iliyopakwa barabarani ikafifia. Wao wamekuwa nayo tangu mwaka 2007, nayo huvuka daraja la kwanza kutoka bara moja hadi jingine. La pili ni Marmaray, treni inayopita chini ya Bosporus tangu Oktoba 2013. Kazi yake ilicheleweshwa kwa miaka kadhaa kwa sababu wachimbaji wa kituo cha Yenikapı walifukua bandari ya kale ya Wabizanti pamoja na mabaki ya merikebu 37, na wataalamu wa mambo ya kale wakaachiwa nafasi ya kuyatoa. Wapo Waturuki waliolalamika kwamba mji umesimamishwa kwa ajili ya mbao zilizooza. Mimi naona walifanya vyema kusubiri, ingawa najua si rahisi kumshawishi mtu aliyekwama kwenye foleni.

Nisipopata chai ya maziwa asubuhi kichwa huniuma. Nifanyeje huko? (Msomaji wa Umoja)

Beba majani yako na uombe maziwa hotelini, maana kwingine hutaipata. Waturuki hutumia mabirika mawili yaliyopandana: la juu lina chai nzito iliyokolea, la chini lina maji ya moto, na kila mtu huchanganyiwa kwa ukali anaoutaka katika gilasi ndogo isiyo na mkono, nyembamba kiunoni, ambayo hushikwa ukingoni ili isikuchome. Sukari huja kwa vipande pembeni. Majani yake hulimwa zaidi huko Rize, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, na ukali wake ni wa haki. Mtu wa Kericho hatakuwa na la kulalamikia ila hayo maziwa. Kwa chakula hutapata shida. Pale Eminönü huuzwa samaki aliyechomwa akawekwa ndani ya mkate pamoja na vitunguu na limau, na kwa mtu mwenye njaa inatosha.

Ni kweli kwamba paka wanalala ndani ya maduka na misikiti, na hakuna anayewafukuza?

Ni kweli. Watu huwawekea maji na chakula mlangoni, na nimeona mteja akisimama kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimeshikwa na paka. Ukiwa huwapendi, utalazimika kuwavumilia.

Nitasafiri kwenda London na ndege yangu itasubiri Istanbul karibu siku nzima. Je, inawezekana kuuona mji, au nikae tu uwanjani? (Msomaji wa Buruburu)

Inawezekana, dada yangu, lakini kwanza hakikisha una viza, kwa sababu mwenye pasipoti ya Kenya haruhusiwi kutoka uwanjani bila hiyo. Masharti yake hubadilika, hivyo uliza ubalozi wa Uturuki hapa Nairobi wiki kadhaa kabla, usitegemee maneno ya rafiki aliyesafiri mwaka juzi.

Uwanja mkubwa wa ndege uko mbali kaskazini mwa mji, upande wa Ulaya, lakini una treni ya chini ya ardhi. Nunua kadi ya usafiri kwenye mashine za hapo hapo na uijaze fedha za safari zote. Panda njia ya M11 hadi kituo cha mwisho cha Gayrettepe, badili uingie M2, na ushuke Vezneciler. Kabla tu ya kushuka, treni itatoka ardhini na kusimama katika kituo cha Haliç kilichojengwa juu ya daraja katikati ya Pembe ya Dhahabu, kaa dirishani. Kutoka Vezneciler tembea mpaka Süleymaniye, kisha teremka kwa miguu kupitia vichochoro vya wauza masufuria, kamba na vitambaa mpaka Soko la Misri, lililokamilika katika miaka ya 1660, ambako harufu ya viungo itakufikia kabla hujauona mlango. Mbele yake ndipo Eminönü. Panda feri ya Kadıköy, kula samaki katika soko la huko, na urudi kwa feri ya Karaköy, chini ya kilima cha Galata. Hapo usipande mlima kwa miguu: ingia Tünel, reli fupi ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1875, miaka 12 tu baada ya ile ya London unakokwenda, nayo itakupandisha Beyoğlu, mtaa wa juu ya kilima, kwa muda usiofika dakika mbili. Mlango wa kituo cha Şişhane uko hatua chache kutoka hapo, na M2 ileile itakurudisha Gayrettepe.

Mzunguko huo wote, pamoja na kwenda na kurudi uwanjani, utakula saa 7 au 8. Ukiona muda hautoshi, ruka Süleymaniye na soko, nenda moja kwa moja kwenye feri, na uwe umerudi uwanjani saa 3 kabla ya ndege kuondoka, kwa kuwa foleni za ukaguzi ni ndefu na kutoka mlangoni hadi lango la kupandia ndege ni mwendo mrefu wa miguu.